Nusu ya Baba, Nusu ya Mama



Somo hili limeanzia kwenye swali. Ilikuwa jioni. Darasa letu la kisomo la Bugarama lilikuwa limemaliza hesabu, na watu walikuwa wakifunga madaftari. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, binti yangu ni mweusi. Mumewe ni mweusi. Mimi na mke wangu ni weusi, na wazazi wa yule kijana hali kadhalika. Mtoto mweupe anatoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Watu wote waliokuwapo waliijua habari yenyewe. Binti wa mzee huyo alikuwa amejifungua mtoto mwenye ualbino. Mumewe akamrudisha kwao, akisema kwamba mtoto ni wa mzungu wa mgodini. Tena alikuwa akidai ng'ombe wake.

Mimi nilijibu upesi upesi. Nilisema, "Ni mambo ya kurithi, mzee," kisha nikafunga darasa. Njiani nilijua kwamba sikujibu kitu. Neno "kurithi" peke yake halimwambii mtu kwa nini weusi wawili wazae mtoto mweupe. Cheti changu ni cha elimu ya watu wazima, si cha bayolojia. Basi ilinibidi niende kukaa na mwalimu wa sekondari jioni tatu mfululizo, anieleze pole pole. Haya utakayosoma ndiyo niliyoyapata. Yasome taratibu. Mahali pengine utahitaji kurudia mara mbili, kama mimi nilivyorudia.

VITABU ARUBAINI NA SITA

Mwili wako umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli. Nyumba hujengwa kwa matofali, na mwili hujengwa kwa seli. Seli moja haionekani kwa macho matupu. Mtaalamu huitazama kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo.

Ndani ya karibu kila seli kuna kiini. Ndani ya kiini zimo nyuzi nyembamba sana zinazoitwa kromosomu. Nyuzi hizi ndizo zinazobeba maagizo ya kuujenga mwili: nywele ziwe za namna gani, damu iwe ya kundi gani, ngozi iwe na rangi kiasi gani. Agizo moja huitwa jeni. Uzi mmoja hubeba jeni nyingi, mamia kwa mamia.

Kwa kuwa sisi ni watu wa kisomo, tuzifananishe kromosomu na vitabu. Kila kromosomu ni kitabu. Kila jeni ni agizo moja lililoandikwa ndani ya kitabu hicho. Binadamu ana vitabu 46 katika seli yake. Lakini si vitabu 46 vya mambo mbalimbali. Ni vitabu 23, kila kimoja kikiwa na nakala mbili. Kuna Kitabu cha 1 ulichopewa na baba, na Kitabu cha 1 ulichopewa na mama. Kuna Kitabu cha 2 cha baba, na Kitabu cha 2 cha mama. Hivyo hivyo mpaka cha 23.

Nitakueleza jambo moja la pembeni, maana linafurahisha. Kwa muda wa miaka 30 hivi wataalamu wa dunia nzima waliamini kwamba kromosomu za binadamu ni 48. Waliandika hivyo katika vitabu vya shule. Mwaka 1956 wataalamu wawili, Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Sweden, walihesabu upya kwa njia bora zaidi wakapata 46. Basi wewe ukikosea kuhesabu usione haya. Hesabu tena.

KWA NINI NUSU?

Mtoto huanza pale mbegu ya baba inapoungana na yai la mama. Sasa fikiri. Kama mbegu ya baba ingekuwa na vitabu 46, na yai la mama vitabu 46, mtoto angepata vitabu 92. Mtoto huyo akikua na kuzaa, mtoto wake angepata 184. Mjukuu angepata 368. Mwili hauwezi kujengwa kwa mafundi wengi namna hiyo wanaopiga kelele kila mmoja na agizo lake.

Kwa hiyo mbegu na yai lazima vipewe nusu. Mbegu hubeba vitabu 23. Yai hubeba vitabu 23. Vikiungana vinakuwa 46, hesabu inatimia. Kazi hiyo ya kugawa nusu kwa nusu huitwa meiosisi. Neno ni geni, lakini litamke tu: me-i-o-si-si. Kwa baba, kazi hiyo hufanyika ndani ya mapumbu. Kwa mama, hufanyika ndani ya ovari, yaani vifuko viwili vya mayai vilivyoko tumboni, kimoja kila upande wa mfuko wa uzazi.

Seli nyingine za mwili pia hugawanyika. Ukijikata kwa panga shambani, ngozi huota upya kwa sababu seli zimegawanyika. Lakini hizo hazigawi nusu. Seli ya ngozi hunakili vitabu vyote 46, kisha kila seli mpya huchukua 46 kamili. Kugawa nusu ni kazi ya mbegu na mayai tu.

JINSI MGAO UNAVYOFANYIKA

Sasa tufuate mgao huo hatua kwa hatua. Tuchukue seli moja katika mwili wa baba, yenye vitabu 46, ambayo itatoa mbegu.

Kwanza, seli hunakili kila kitabu. Nakala haitupwi mbali. Hubaki imeshikamana na kitabu chake, kama madaftari mawili yaliyofungwa kwa uzi mmoja.

Kisha hutokea jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote. Vitabu vyenye namba moja hutafutana. Kitabu cha 1 kilichotoka kwa babu huja kulala ubavuni mwa Kitabu cha 1 kilichotoka kwa bibi. Cha 2 na cha 2, cha 3 na cha 3. Kumbuka kwamba baba naye alipewa nusu na baba yake na nusu na mama yake. Vikiwa vimelala ubavu kwa ubavu, vitabu hivyo hubadilishana kurasa. Kurasa kadhaa za babu huhamia katika kitabu cha bibi, na kurasa za mahali pale pale katika kitabu cha bibi huhamia kwa babu. Kwa hiyo kitabu atakachopewa mtoto mara nyingi si cha babu mtupu wala cha bibi mtupu. Ni mchanganyiko ambao haujapata kuwapo kabla.

Baada ya hapo jozi zote 23 hujipanga katikati ya seli. Katika kila jozi, kitabu kimoja hutazama upande mmoja na cha pili hutazama upande mwingine. Kipi kitatazama wapi? Hapo hakuna mpangaji. Ni kama kurusha sarafu. Jozi ya 1 hairuhusiwi wala haikatazwi na jozi ya 2. Kila jozi ina bahati yake. Kisha seli hukatika katikati zikawa mbili, na kila moja imepata kitabu kimoja tu cha kila namba, pamoja na nakala yake.

Mwisho, seli hizo mbili hugawanyika tena. Safari hii zile nakala zilizoshikamana ndizo zinazoachana. Seli mbili zinakuwa nne, na kila moja ina vitabu 23. Kwa baba, zote nne hukua zikawa mbegu. Kwa mama mgao hauko sawa. Seli moja hupewa karibu chakula chote na kuwa yai, nyingine hubaki ndogo mno na kufa.

Je, mgao huu waweza kutoa mchanganyiko wa namna ngapi? Chukua daftari la hesabu. Andika 2. Zidisha kwa 2, upate 4. Zidisha tena kwa 2, upate 8. Endelea hivyo mpaka umeandika namba 23 mfululizo. Namba ya mwisho itakuwa 8,388,608. Hizo ni namna za mbegu ambazo baba mmoja anaweza kutoa, hata kabla ya kuhesabu zile kurasa zilizobadilishana. Mama naye ana namna nyingi kiasi hicho hicho. Ndiyo maana unaona watoto saba wa tumbo moja, na hakuna wawili wanaofanana kabisa, isipokuwa pacha waliotokana na yai moja.

Yafaa kujua pia kwamba mwanamume huanza kazi hii anapobalehe na kuiendeleza mpaka uzeeni. Mwanamke ni tofauti. Mayai yake huanza kutayarishwa akiwa bado tumboni mwa mama yake. Vitabu hulala ubavu kwa ubavu, hubadilishana kurasa, kisha kazi husimama. Husimama miaka kumi na zaidi. Msichana akivunja ungo, kila mwezi yai moja kwa kawaida huendelea na mgao, na hatua ya mwisho humalizika pale tu mbegu inapoingia. Kwa hiyo yai lililokuzaa wewe lilianza kutayarishwa wakati mama yako alikuwa bado tumboni mwa bibi yako. Jioni ile niliposikia hayo nilirudi nyumbani nikifikiri mambo mengi.

Mara chache mgao huu hukosea. Yai au mbegu hupata kitabu kimoja zaidi au hukosa kimoja. Mtoto akipata vitabu vitatu vya namba 21 badala ya viwili, huzaliwa na hali iitwayo sindromu ya Down. Kosa hilo hutokea zaidi kadiri umri wa mama unavyosogea, hasa baada ya miaka 35. Si kosa la tabia yake.

KITABU CHA 23

Kitabu cha 23 ndicho kinachoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Kina sura mbili. Moja huitwa X, nyingine huitwa Y. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja.

Mama akigawa, mayai yake yote hupata X, kwa maana hana kingine. Baba akigawa, nusu ya mbegu zake hupata X na nusu hupata Y. Mbegu yenye X ikifika kwanza kwenye yai, mtoto ni wa kike. Ikifika yenye Y, ni wa kiume.

Basi wale wanaume wanaooa mke wa pili kwa kuwa wa kwanza "anazaa wasichana tu", wamekwenda kumwuliza mtu ambaye siye. Nilipoyasema haya darasani akina mama walipiga makofi. Akina baba walitazama chini. Mmoja akasema kwamba kwa upande wake hana malalamiko, maana mabinti wake wamemletea ng'ombe wa kutosha.

KITABU CHA 15

Sasa turudi kwenye swali la mzee.

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na kitu kiitwacho melanini. Watu weusi wanayo nyingi, wazungu wanayo kidogo. Mtu mwenye ualbino anayo kidogo sana au hana kabisa. Katika Kitabu cha 15 kuna jeni ambayo ni lazima iwe nzima ili mwili utengeneze melanini ya kutosha. Ualbino una aina kadhaa, lakini ulio mwingi hapa Tanzania hutokana na jeni hiyo.

Wataalamu waliwachunguza Watanzania wenye ualbino wa aina hiyo katika miaka ya 1990. Waliona kwamba kwa wengi wao jeni hiyo imekatika kipande kile kile. Herufi zipatazo 2,700 hazipo. Ni kama ukurasa uliochanika kutoka kitabuni. Kipande hicho hicho kimeonekana kukosekana kwa watu wenye ualbino wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kamerun. Hii yaonyesha kwamba ukurasa ulichanika mara moja, zamani sana, kwa mtu mmoja wa kale. Tangu hapo kitabu hicho kilichochanika kimekuwa kikinakiliwa vivyo hivyo na kurithishwa, kizazi hata kizazi.

Lakini kila mtu ana Vitabu vya 15 viwili. Kimoja kikiwa kimechanika na cha pili ni kizima, kile kizima chatosha. Mwili husoma agizo kutoka kitabu kizima, ngozi ikawa nyeusi kama ya watu wengine. Mtu huyo hana dalili yoyote. Hajui, mkewe hajui, na mganga hawezi kumtambua kwa kumtazama. Anabeba tu.

Wabebaji wa namna hii ni wangapi? Inakadiriwa kwamba hapa Tanzania mtu mmoja kati ya watu 1,400 hivi ana ualbino. Ukipiga hesabu kutoka hapo, wabebaji ni karibu mtu mmoja kati ya kila watu 20. Darasa la kisomo lenye watu 40 laweza kuwa na wawili. Mkutano wa kijiji wenye watu 300 waweza kuwa na kumi na tano. Huenda ni wewe unayesoma. Huenda ni mimi.

Mbebaji akizaa na mtu asiye mbebaji, hakuna mtoto atakayekuwa na ualbino, ingawa baadhi yao watakuwa wabebaji kama mzazi wao. Hivyo ukurasa uliochanika waweza kupita kwa babu, baba na mjukuu bila kuonekana. Ila siku mbebaji anapokutana na mbebaji ndipo inapowezekana mtoto akapata kitabu kilichochanika kutoka pande zote mbili. Huyo hana kizima cha kusoma. Huzaliwa na ualbino. Wenye kuoana na ndugu wa karibu wana nafasi kubwa zaidi ya kukutana hivyo, kwa kuwa wote wawili waweza kuwa wamerithi kutoka kwa babu mmoja.

Ona basi. Ili mtoto azaliwe na ualbino wa aina hii, baba lazima atoe, na mama lazima atoe. Mama peke yake hawezi.

Na mzungu wa mgodini je? Bugarama tu jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na wageni tunawaona kila siku barabarani. Mwanamke mweusi akizaa na mzungu, mtoto huwa chotara, mwenye rangi ya kati. Chotara si mtu mwenye ualbino. Mtazame mtoto mwenye ualbino usoni: pua, midomo na aina ya nywele ni za baba na mama yake. Kilichokosekana ni rangi tu.

JARIBIO LA NJUGUMAWE

Mwalimu wa sekondari alinifundisha jaribio ambalo nililifanya darasani juma lililofuata. Nawe lifanye na wenzako.

Tafuta vibuyu viwili vyenye mdomo mpana, au vyungu viwili. Tia njugumawe mbili katika kila kibuyu, moja nyekundu na moja nyeupe, zenye ukubwa sawa. Nyekundu ni kitabu kizima. Nyeupe ni kitabu kilichochanika. Kibuyu cha kwanza ni baba mbebaji. Cha pili ni mama mbebaji. Mtu mmoja afumbe macho, atoe njugumawe moja kutoka kila kibuyu. Hizo mbili ni mtoto. Mwingine aandike ubaoni zilizotoka. Kisha zirudishwe kila moja kibuyuni mwake, vibuyu vitikiswe, na mwenzake atoe.

Zikitoka nyekundu mbili, mtoto ni mweusi na si mbebaji. Ikitoka nyekundu moja na nyeupe moja, mtoto ni mweusi naye ni mbebaji. Zikitoka nyeupe mbili, mtoto ana ualbino. Ukifanya mara 40, tegemea nyeupe mbili zitoke kama mara 10, yaani robo.

Sisi tulipofanya mara 40 za kwanza, nyeupe mbili zilitoka mara 13. Watu wakasema mwalimu amedanganya. Tukarudia mara 40 nyingine, zikatoka mara 8. Jumla mara 21 katika 80. Robo ya 80 ni 20. Wakanyamaza.

Tazama pia jinsi zinavyofuatana. Kwetu kuna wakati nyeupe mbili zilitoka mara tatu mfululizo, na wakati mwingine hazikuonekana hata baada ya kutoa mara tisa. Njugumawe hazina kumbukumbu. Hazijui kilichotoka kabla. Kwa hiyo si kweli kwamba wazazi wakishapata mtoto mmoja mwenye ualbino, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba ni kutoa upya, na nafasi ni robo ile ile. Familia moja ya wabebaji yaweza kuwa na watoto wanane wote weusi, na jirani yao, wabebaji vile vile, wakawa na watatu wenye ualbino. Hakuna aliyetenda jema wala baya.

Jaribu na hili. Weka nyeupe mbili katika kibuyu cha kwanza. Huyo ni mtu mwenye ualbino. Katika kibuyu cha pili weka nyekundu mbili. Toa mara nyingi upendavyo. Hutapata nyeupe mbili hata siku moja. Hivyo mtu mwenye ualbino akioana na asiye mbebaji, watoto wao wote watakuwa na rangi, na wote watakuwa wabebaji.

UONGO ULIOUA

Sipendi kuandika sehemu hii, lakini katika mkoa wetu haiwezekani kuiruka.

Kuanzia mwaka 2006 hivi, na kwa miaka iliyofuata, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa: Shinyanga, Mwanza, Geita, Kagera na Simiyu kama ilivyo leo. Hadi mwaka 2015 waliouawa nchini walikuwa wamezidi 70. Wengine walikatwa viungo wakabaki hai. Baadhi ya waganga waliuza uongo kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta dhahabu kwa mchimbaji na samaki kwa mvuvi. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi alinyang'anywa mikononi mwa mama yake akauawa. Mwaka 2024, wilayani Muleba, aliuawa mtoto mwingine ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza.

Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza katika mauaji hayo. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Watoto wengi walipelekwa kuishi katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, mbali na wazazi wao, ili wawe salama.

Sasa soma tena habari za Kitabu cha 15. Katika mtu mwenye ualbino hakuna kitu cha ziada. Hana dawa katika mfupa wala dhahabu katika nywele. Kuna ukurasa uliokosekana, basi. Na ukurasa huo huo umekosekana katika mmoja kati ya kila watu 20, wachimbaji na waganga wakiwamo. Kama ungekuwa unaleta dhahabu, kijiji kizima kingekwisha tajirika.

Watu hawa ni wananchi kama sisi. Mwaka 2008 Ndugu Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa na Rais kuwa mbunge. Mwaka 2010 Ndugu Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino vile vile, alichaguliwa kwa kura na wananchi wa Lindi Mjini. Jina "zeruzeru" tuliache. Wenyewe hawalipendi, wala wewe usingelipenda.

MAMBO AYATAKAYO MTOTO HUYU

Melanini si urembo tu. Huikinga ngozi na jua. Anayeikosa huungua upesi, vidonda huja, na saratani ya ngozi yaweza kumwua kijana angali na nguvu. Mvishe mtoto mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana pande zote, si ile ya kukinga paji la uso tu. Asichunge ng'ombe wala kuvuna pamba saa za mchana. Uliza zahanati kuhusu mafuta ya kujikinga na jua. Yapo yanayotengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, katika hospitali ya KCMC. Kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema, kisingoje.

Macho yake pia huona kwa shida vitu vya mbali. Mwalimu amweke mbele karibu na ubao. Wengi wameitwa wajinga shuleni, kumbe hawakuwa wakiona kilichoandikwa.

Na mzee? Baada ya jaribio alibaki darasani mpaka wenzake wakaondoka. Aliomba nimwazime vibuyu viwili na zile njugumawe nne. Siku ya tatu alikwenda navyo kwenye kikao cha pande mbili, nyumbani kwa wakwe zake. Alivitikisa mbele ya wazee, akawatolesha kila mmoja. Katikati ya mazungumzo bibi mmoja wa upande wa mume, ambaye hakuwa amesema neno, alieleza kwamba babu wa kijana huyo alikuwa na dada aliyezaliwa mweupe. Alikufa angali mchanga, akazikwa usiku, na watu wakaambiwa wasimtaje.

Habari ya ng'ombe bado inazungumzwa. Lakini kijana alikuja kumwona mtoto Jumapili mbili zilizopita, na alileta kofia. Vibuyu vyangu sijarudishiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

Seli ya ngozi ina kromosomu 46. Yai la mama lina ngapi, na kwa nini?

Baba ni mbebaji, mama si mbebaji. Weka njugumawe katika vibuyu kama inavyotakiwa, toa mara 40, uandike ulichopata.

Ng'ombe ana kromosomu 60. Mbegu ya fahali ina ngapi?

Je, katika ukoo wako kuna mtu ambaye wazee walikatazwa kumtaja? Waulize wakiwa bado hai.